Macho ya kombe, chaza na konokono wa baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtoto wa pwani hujifunza mapema kwamba ukitaka kumkuta kombe akiwa wazi, usimfikie huku kivuli chako kimetangulia. Bibi yangu alikuwa akituambia hivyo kila tulipofuatana naye bamvua: "Zungukeni, msimzibie jua." Alijua kwa mazoea. Nilipokuja kusoma habari za macho ya wanyama hawa nikiwa mtu mzima, nilikuta kwamba maneno yake yamebeba sehemu kubwa ya elimu hii. Kombe anajali kivuli kwa sababu maisha yake yanamtaka ajali kivuli, na jicho lake limejengeka kwa kiasi hicho, halikuzidi.

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa mara nyingi. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa kuwa yana mengi ndani yake, mengine kwa sentensi chache.

Kwani kombe na chaza wana macho?

Baadhi wanayo, wengi hawana. Kombe, chaza, konokono, ngisi na pweza wote ni moluska, yaani wanyama wa mwili laini ambao wengi wao hujijengea gamba. Sijui kundi jingine la wanyama lenye aina nyingi za macho kama hili. Humo utakuta kidoa kinachotofautisha giza na mwanga tu, kibakuli kisicho na lenzi, jicho la tundu, jicho la vijicho vingi vilivyopangwa kama la nzi, jicho linalotumia kioo badala ya lenzi, jicho lenye lenzi ya jiwe, na jicho la pweza ambalo muundo wake unashangaza kwa jinsi unavyofanana na wetu.

Konokono na pweza wana vichwa, na macho yao yako kichwani kama tulivyozoea. Kombe na chaza hawana kichwa. Ukifungua magamba mawili ya chaza utaona mwili, mashavu ya kuchujia chakula, na pindo la nyama laini linalozunguka ukingo wote wa gamba kwa ndani. Pindo hilo ndilo sehemu ya mwili iliyo karibu zaidi na dunia ya nje, kwa hiyo kwa wale wenye macho, macho yako hapo.

Ni kombe gani mwenye macho mazuri kuliko wote?

Ni skalopi. Huyu ni kombe wa magamba mawili mwenye umbo la upepeo, na mistari inayotoka kwenye bawaba kwenda ukingoni. Spishi zake ziko katika bahari zote, za baridi na za joto. Pindo lake limepambwa kwa macho madogo, kila moja likiwa na upana wa milimita moja hivi, mengi yao ya buluu. Skalopi mmoja anaweza kuwa na macho hadi 200.

Uzuri wa jicho hili uko nyuma yake. Jicho lako na la samaki hukusanya mwanga kwa lenzi iliyo mbele. Skalopi naye ana lenzi, lakini ni dhaifu, na peke yake isingeweza kutoa taswira mahali panapotakiwa. Mwaka 1965 mtafiti wa Uingereza, Michael Land, alionyesha kwamba taswira katika jicho la skalopi hutengenezwa na kioo kilichobonyea kwenye sakafu ya jicho. Mwanga hupita kwenye lenzi, huvuka retina (utando wa ndani unaopokea mwanga) bila kufanya kazi kubwa, hugonga kioo, kisha hurudi na kutua kwenye retina ukiwa umekusanyika. Darubini kubwa za kutazamia nyota hufanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Kioo chenyewe kimetengenezwa kwa guanini, kitu kilekile kinachofanya magamba ya samaki yang'ae kama fedha. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Weizmann huko Israeli, wakiongozwa na Benjamin Palmer na Lia Addadi, walieleza jinsi kinavyojengwa: fuwele bapa za mraba, zimepangwa kama vigae vya sakafuni bila kuacha nafasi, tabaka juu ya tabaka, takriban 20 hadi 30. Guanini ikiachwa yenyewe haipendi kugeuka kuwa mraba. Mwili wa skalopi ndio unaoilazimisha. Nikifikiria kiumbe asiye na kichwa akijenga kioo cha namna hii mara 200 katika mwili mmoja, huwa natulia kwanza kabla ya kuendelea kusoma.

Zaidi ya hapo, kila jicho lina retina mbili, moja mbele ya nyingine. Ya mbele hushtuka mwanga unapopungua, kwa mfano samaki anapopita juu. Ya nyuma huitikia mwanga unapoongezeka. Na utafiti wa 2019 ulionyesha kwamba mboni za skalopi hupungua kwenye mwanga mkali na kupanuka gizani, ingawa huchukua dakika kadhaa.

Macho yote hayo ya nini, ikiwa kazi yake ni kuchuja maji na kula vijidudu?

Hili ndilo swali lenyewe hasa, na jibu lake la kwanza ni kwamba skalopi hukimbia. Wengi wa jamaa za chaza wakitishwa hujifunga na kungoja. Skalopi hupiga magamba yake pwa-pwa-pwa, akitoa maji kwa nguvu pande za bawaba, na kuruka juu ya sakafu ya bahari kama meno ya bandia yaliyopata uhai. Mnyama anayeweza kuondoka anafaidika kujua mapema kama kuna jambo, na linatokea upande gani. Anayefunga mlango tu hahitaji kujua zaidi ya "kuna kitu".

Jibu la pili lilikuja baadaye. Mwaka 2008 Daniel Speiser na Sönke Johnsen wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwaweka skalopi mbele ya skrini zilizoonyesha chembe za kubuni zikielea. Chembe zilipokuwa kubwa kiasi na zikienda polepole, skalopi wengi walifungua magamba yao. Maji hayakuwa na chakula chochote kipya, ila macho yaliwaambia kwamba mkondo umebeba vitu vya kiasi cha kufaa na hauendi kasi mno, basi wakajiandaa kuchuja. Kwa hiyo jicho halimtumikii wakati wa hatari peke yake. Humsaidia pia kujua saa ya kula.

Anapoona kitu kinatembea karibu naye, skalopi hunyoosha pia vile vipapasio vilivyo katikati ya macho yake, kuelekea upande wa kitu hicho, kana kwamba anataka kukinusa na kukigusa kabla ya kuamua. Macho hutoa habari ya mbali, vipapasio huihakikisha. Hasa kwa kiti cha pweza (samaki nyota), adui wake mkubwa ambaye huja polepole sana, harufu na mguso ndivyo vinavyomrusha.

Je, skalopi wote wana macho sawa?

La, na hapa ndipo maisha yanapoonekana yakilichonga jicho ndani ya ukoo mmoja.

Skalopi wana namna nyingi za kuishi. Wapo wanaojifunga kwenye mwamba kwa nyuzi, kama kome, na wanaweza kujifungua wakitaka. Wapo wanaolala huru juu ya mchanga. Wapo, kama wale wa jenasi ya Pecten, wanaojichimbia kishimo na kulala humo gamba la juu likiwa sawa na sakafu. Wapo wanaojigandisha kabisa kwenye mwamba: skalopi mkubwa wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, Crassadoma gigantea, huogelea akiwa mdogo, kisha hujibandika kwa saruji yake mwenyewe na kukaa hapo hadi kufa. Na wapo waogeleaji hodari, wenye magamba mepesi na laini, ambao wakishtuliwa huteleza zaidi ya mita 20 kwa mkupuo mmoja. Wa namna hii wako Australia, na wamevuliwa huko kwa biashara.

Nasaba zao zilipochunguzwa kwa vinasaba, ilionekana kwamba utelezaji huo haukuanza mara moja na kurithiwa na wote. Umezuka zaidi ya mara moja katika matawi tofauti ya ukoo, na kila mara umbo la gamba limeelekea kulekule. Macho nayo yamefuata. Katika ulinganisho wa spishi mbalimbali uliotolewa na Speiser na Johnsen mwaka huohuo wa 2008, skalopi wanaosafiri sana walikutwa na macho yenye uwezo wa kutenganisha vitu vidogo zaidi kuliko wale wasiohama. Anayetembea hukutana na mambo mapya, na hubidi aone anakokwenda.

Hata ndani ya mwili mmoja kuna tofauti. Kwa skalopi wengi wanaolala upande mmoja, macho ya pindo la juu huwa mengi au makubwa kuliko ya pindo la chini, ambalo limeelekea mchangani.

Jambo moja lisisahaulike: ukoo una urithi wake pia. Yule anayejigandisha mwambani bado ana macho ya kioo, na binamu zake wa jenasi ya Spondylus, ambao nao hubandikwa maisha yao yote, wanayo vilevile. Kwetu Bahari ya Hindi yupo skalopi mdogo, Pedum spondyloideum, anayeishi amezama ndani ya tumbawe hai, akiwa na ufa tu wa kutolea pindo lake la rangi za kung'aa. Ndani ya ufa huo macho yamejipanga. Hawezi kwenda popote, lakini anaweza kufunga, na samaki wa kwenye miamba ni wengi.

Kwa nini basi chaza wa kawaida hana macho?

Alikuwa nayo. Chaza anapoanza maisha ni kiluwiluwi anayeelea, mdogo kuliko punje ya mchanga mnene, na anapokaribia kutua huota doa jeusi kila upande. Hayo ni macho yake. Wanaozalisha chaza kwenye matangi hulitafuta doa hilo kwa hadubini, maana likionekana tu wanajua kiluwiluwi yuko tayari kushika mahali.

Kisha huchagua mwamba au mzizi wa mkandaa, hujigandisha, na macho yale hupotea. Tangu hapo hatahama tena. Kinachobaki ni ngozi ya pindo inayohisi mwanga ukipungua, na msuli wenye nguvu wa kufungia. Kwa mnyama mwenye uamuzi mmoja tu, kufunga au kutofunga, kuhisi kivuli kunatosha.

Katika uhai wa chaza mmoja utaiona kanuni nzima. Macho anayo wakati ule anapokuwa na safari na uchaguzi.

Na wale wanaojifukia mchangani?

Wengi hawana macho kabisa, kwa kuwa chini ya mchanga hakuna cha kutazama. Lakini kokoli wa Ulaya, yule kombe wa mviringo anayeliwa sana Uingereza na Uholanzi, amepata njia yake. Mwili wake wote uko mchangani, ila mirija miwili ya kupitishia maji hutokeza juu, na kuizunguka kuna vipapasio vyenye vijicho nchani. Macho yamehamia sehemu pekee inayotoka nje.

Kisa cha kombe wa jenasi za Arca na Barbatia kinanivutia zaidi. Hawa ni jamaa ya wale kombe wanaookotwa mchangani Zanzibar, lakini wao hujifunga kwa nyuzi kwenye nyufa za miamba. Kwenye pindo wana macho mengi ya vijicho vilivyokusanyika, kwa mbali yanafanana na ya mdudu. Dan-Eric Nilsson wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, aliyachunguza na mwaka 1994 akayaeleza kuwa ni ving'ora vya mwanga. Hayamchorei kombe picha ya dunia. Kila kijicho kinaangalia upande wake, na kitu chochote cheusi kinapohama kutoka kijicho kimoja kwenda kingine, kengele inalia na magamba yanafungwa. Macho kuwa mengi kunapunguza makosa: kombe anayefunga kwa kila wimbi hukosa chakula, na anayechelewa mara moja huliwa.

Minyoo fulani wa baharini wanaoishi ndani ya mirija, wenye mashungi kama manyoya, nao wana macho ya namna hii kwenye mashungi yao. Hawana undugu wa karibu na kombe hata kidogo. Wanachoshirikiana ni namna ya kuishi: kukaa mahali pamoja, kutoa kiungo laini nje kwa ajili ya chakula, na kulazimika kukirudisha ndani kwa ghafla.

Kombe jitu, yule mkubwa wa kwenye matumbawe, je?

Kombe jitu wa jenasi ya Tridacna wapo kwenye miamba ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, na pindo lao la buluu, kijani au kahawia hulikosi ukipiga mbizi. Rangi hizo zina uhusiano na mwani wadogo sana wanaoishi ndani ya nyama yake. Mwani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenyeji wao.

Fikiria sasa tatizo lake. Ili apate chakula ni lazima atandaze nyama yake laini juani mchana kutwa, mbele ya samaki wenye meno. Akijifunga, mwani hawapati jua. Akijisahau, ananyofolewa. Dawa yake ni mamia ya macho madogo ya tundu, yametawanyika kwenye pindo. Hayana lenzi. Mwanga huingia kwa kitobo na kutua kwenye seli za ndani, kama kisanduku cha karatasi kilichotobolewa kwa sindano.

Land, yuleyule wa skalopi, aliyapima mwaka 2003 na kukuta kila jicho linatenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban digrii 16. Nyoosha mkono wako mbele na ukunjue shibiri: nafasi kati ya ncha ya kidole gumba na ya kidole cha mwisho ni kama digrii 20. Hicho ndicho kiasi cha ukungu anachoona kombe jitu. Lakini kinatosha. Anaweza kugundua samaki anayesogea hata kabla kivuli hakijamfikia, akakunja pindo kidogo tu na kuendelea kula jua sehemu nyingine.

Konokono wa baharini wana macho gani?

Kwao utaona ngazi nzima ya jicho, kwa wanyama walio hai leo.

Koa wa kofia wanaong'ang'ania miamba hukwangua ukungu wa mwani na kurudi kwenye kikao chao. Macho yao ni vibakuli vilivyo wazi, maji ya bahari yanaingia ndani. Hutambua mwanga unatoka upande gani, basi. Abaloni, konokono mwenzao, naye ana kibakuli, kirefu zaidi na chenye mdomo mwembamba. Wengine wamefunga mdomo wa kibakuli na kujaza ute. Konokono wadogo wa kwenye mawe ya pwani, wa jenasi ya Littorina, wana lenzi kamili.

Juu ya ngazi kuna ukoo wa konokono wenye macho makubwa juu ya vikonyo, ambao nawapenda kuliko wote. Kwetu yupo yule mwenye vidole virefu vilivyochomoza kwenye gamba lake, Lambis, anayeonekana sana kwenye majani ya bahari na kuuzwa kama pambo. Litazame gamba lake: upande wa mbele ukingoni kuna kipengee kidogo. Hapo ndipo jicho la kulia huchungulia wakati mwenyewe amejificha chini ya gamba. Gamba zima limetoa nafasi kwa ajili ya jicho! Macho ya ukoo huu yana lenzi nzuri, yanatenganisha vitu vilivyo karibu sana kulinganisha na konokono wengine, na yakikatwa na samaki huota upya.

Watu hushangaa, maana hawa hula mwani. Kwa nini mla majani awe na macho makali? Ukiwaona wakitembea utapata sehemu ya jibu. Hawatambai kama konokono wengine. Huchomeka kigamba chao kikali mchangani na kujirusha mbele kwa mruko, na huishi kwenye uwanda wa mchanga na majani ambako adui huonekana kwa mbali. Ni habari ileile ya skalopi: mwenye kuruka hupata faida ya kuona.

Kinyume chake ni konokono koni, mwindaji mwenye sumu ambaye baadhi ya spishi zake hula samaki. Ungemtarajia awe na macho ya tai, lakini ana vijicho vidogo. Huwinda kwa kunusa maji kupitia mrija wake, tena mara nyingi usiku. Kwa hiyo usiseme "mwindaji lazima aone vizuri". Uliza kwanza anawindaje.

Nimesikia kuna mnyama mwenye macho ya mawe. Ni kweli?

Ni kweli. Anaitwa kitoni, moluska bapa mwenye vigamba nane vilivyopangana mgongoni, anayeshikamana na miamba. Jenasi ya Acanthopleura, iliyoko pia kwenye pwani za Bahari ya Hindi, ina mamia ya macho yaliyojengwa ndani ya gamba lenyewe, na lenzi zake ni za aragoniti, madini yaleyale ya gamba. Mwaka 2011 Speiser, Johnsen na Douglas Eernisse waliwaonyesha kitoni duara jeusi lenye upana wa digrii 10 hivi, kama ngumi iliyonyooshwa. Walijibana kwenye mwamba. Mwanga ulipopunguzwa kwa kiasi kilekile bila duara, hawakujibana. Kwa hiyo wanaona kitu, si giza tu.

Lakini kila jicho ni tundu kwenye ngao. Watafiti wa Massachusetts walionyesha mwaka 2015 kwamba sehemu za gamba zenye macho ni dhaifu, na macho yenyewe yamekaa kwenye mabonde kati ya vinundu, kana kwamba yamefichwa yasigongwe. Mnyama ambaye kinga yake ni gamba hawezi kuweka macho bila kuilipia kinga hiyo.

Na urithi tena: utafiti wa 2024 ulionyesha kwamba vitoni wamepata mifumo ya kuona mara nne kwa nyakati tofauti, mara mbili kama vidoa vingi vidogo na mara mbili kama macho yenye lenzi. Njia iliyofuatwa ilitegemea idadi ya nyufa za kupitishia neva ambazo mababu zao walikuwa nazo tayari. Maisha huomba, mwili hutoa kwa kile ulicho nacho.

Kwa hiyo mnyama akilitumia sana jicho lake, linakua na watoto wanarithi?

Hapana. Swali hili hunijia kila mara, na kosa ni letu sisi tunaoandika "jicho lilikua ili aone". Haliwi hivyo. Katika kila kizazi skalopi huzaliwa wakiwa na tofauti ndogondogo: huyu kioo chake kimepinda vizuri zaidi, yule ana macho machache. Kama wanaishi kwa kuogelea, wenye kuona vizuri kidogo huponea zaidi na kuacha watoto wengi zaidi. Kama wamefukiwa mchangani, tofauti hiyo haina faida. Hakuna mnyama aliyejitahidi.

Inachukua muda gani jicho kukamilika?

Nilsson na mwenzake Susanne Pelger walikokotoa mwaka 1994. Walianza na kipande bapa cha seli zinazohisi mwanga, wakaruhusu mabadiliko ya asilimia 1 tu kwa kila hatua, na wakachagua makadirio ya polepole. Walifikia jicho lenye lenzi baada ya hatua 1,829, ambazo waliona zingehitaji vizazi visivyofika 400,000. Kwa wanyama wanaozaana kila mwaka, huo ni muda mfupi ukiulinganisha na zaidi ya miaka milioni 500 ya moluska duniani. Ndiyo maana isitushangaze kwamba macho yamezuka mara nyingi. Cha kushangaza zaidi ni wanyama ambao wamekaa muda wote huo na kibakuli tu, na jibu lao ni kwamba kibakuli kiliwatosha.

Nautilasi amebaki na jicho bila lenzi. Amekosa bahati?

Nautilasi ni ndugu wa pweza na ngisi aliyebaki na gamba lake la nje. Jicho lake ni kubwa, karibu sentimita moja, lakini ni tundu lililo wazi ambalo maji huingia. Mchana hukaa kwenye kina cha mamia ya mita, huenda polepole, na hutafuta mizoga kwa harufu. Pweza na ngisi waliacha gamba, wakawa wepesi, wakawinda kwa macho, na macho yao yakawa makali. Nautilasi alibaki na maisha ya nyumba nzito na pua. Siwezi kumwita aliyekosa bahati, maana ukoo wake umepita kwenye maangamizi makubwa yaliyowafuta jamaa zake wengi.

Macho yanaweza kupotea kabisa?

Ndiyo, na kwa urahisi kuliko yanavyopatikana. Jicho na neva zake hula nguvu nyingi. Mwanga wa jua unaofaa kuonea huisha kwenye kina cha mita 1,000 hivi, na chini ya hapo kuna konokono ambao macho yao yamepungua, yamefunikwa na ngozi, au hayapo. Katika ukoo wa Solariellidae jambo hili limetokea mara kadhaa, kila tawi kivyake.

Naweza kuyaona macho haya mwenyewe?

Unaweza. Nenda bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa, na miwani ya kuogelea kama unayo. Kwa Lambis, tafuta kwenye majani ya bahari, mwache palepale, kaa kimya umbali wa hatua mbili. Baada ya muda vikonyo viwili vitachomoza, na utaona duara la rangi kuzunguka mboni. Usimgeuze wala usimchukue, wamepungua sana karibu na mahoteli. Vitoni wako kwenye miamba inayopigwa na mawimbi, macho yao ni vidoa vyeusi vidogo mno, chukua kioo cha kukuzia.

Kombe jitu ni mgumu zaidi. Usiweke kidole, usiguse pindo. Ukimfikia jua likiwa mgongoni, kivuli chako kitatangulia na utamkuta amefunga. Rudi nyuma, ngoja dakika moja au mbili, zunguka, kisha msogelee polepole huku jua likiwa usoni mwako.